Suruali Arobaini za Wachimba Almasi

Ninyi vijana wa chumba cha kushonea mmeniomba niandike niliyoyaona katika kazi yetu ya kushona mavazi ya zamani ya Wazungu, ili atakayeingia kesho asianze kuuliza upya kwa nini gauni la bibi harusi wa kale halina zipu. Nimekubali upesi kuliko inavyompasa mtu mwenye haya. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wengi wenu hapo ni Wakongo, Warundi na Watanzania, na Kiingereza changu kinafaa kwa kupima viuno tu. Wasiojua Kiswahili watasomewa na wenzao.

Lakini kabla sijaanza kujisifu kuna jambo. Ijumaa hii Madam Lorraine, mwenye kampuni, anachagua atakayekalia kiti cha fundi mkuu nilichokiacha nilipostaafu. Majina yaliyobaki ni mawili, na moja ni la Consolata. Nasikia kila likitajwa kuna mtu anacheka na kusema, "Nani, Mama Pli?" Pli ni ule mstari wa pasi unaoshuka mbele ya suruali, sisi Wakongo tumeuazima kwa Kifaransa na hatujaurudisha. Kicheko chenyewe kinatokana na kisa mnachokijua wote, cha siku Consolata alipoharibu suruali arobaini za filamu kwa kuzipiga mstari. Kisa hicho nimekisimulia mimi mwenyewe mara nyingi, tena kwa ufundi. Nitakifikia, na nikikifikia naomba mtu asiruke ukurasa.

Baba yangu alikuwa fundi suruali Lubumbashi, na dini yake ya pili ilikuwa pli. Kwake mwanaume asiye na mstari kwenye suruali alikuwa mgonjwa au kafiwa. Alinifundisha siri yake nikiwa bado sijui kusoma saa: unageuza suruali ndani nje, unapaka sabuni kavu ya kipande kwenye mkunjo, unaigeuza tena, unaweka kitambaa chenye maji juu yake, kisha unakandamiza kwa pasi nzito na kuhesabu pole pole mpaka kumi. Suruali hiyo unaweza kunyeshewa nayo, kulala nayo, kuoa na kuachika nayo, na pli iko pale pale. Nilikuja Johannesburg na siri hiyo pamoja na kostime moja, yaani suti, nikiamini kwamba mji ulikuwa unaningoja.

Siku ya kwanza kazini nilitoka Yeoville kwa miguu hadi Doornfontein, maana sikutaka kubanwa kwenye teksi nikaikunja kostime yangu. Ilikuwa ya vipande vitatu, rangi ya haradali, mabega mapana kiasi kwamba mlango wa karakana niliupita kwa ubavu. Niliambiwa kampuni inakodisha mavazi kwa watu wa filamu na michezo ya kuigiza. Nilijua moyoni kwamba wakiniona tu wataacha kukodisha na kuanza kuniiga.

Aliyenipokea ni Gogo Nomvula, bibi wa Kizulu mwenye jozi mbili za miwani, moja machoni na nyingine kichwani. Ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Kiswahili hakukijua, na Kizulu changu kilikuwa cha kununulia mkate, kwa hiyo tulielewana kwa Kiingereza kibovu cha pande zote mbili. Alinizunguka mara moja. Akaushika mkono wangu wa kushoto kama nesi, akachukua mkasi mdogo, na kabla sijauliza akakata kile kitambaa chenye jina la kiwanda kilichoshonwa juu ya mkono wa koti.

"Hii ni ya dukani," alisema. "Wanaitia ili mnunuzi aione. Ukishanunua, unaitoa."

Jamani! Koti lile nilikuwa nimelivaa miaka minne. Kanisani wakati wa kusifu nilikuwa nainua mkono wa kushoto peke yake, ili walio nyuma wapate kusoma. Sikujua uso niuweke wapi.

Hakuishia hapo. Alinyoosha mkono akafungua kifungo cha chini kabisa cha kizibao changu. Niliruka nyuma nikamwambia kwamba mimi nina mke. Gogo alicheka mpaka miwani ya kichwani ikaanguka. Kumbe kifungo hicho huwa hakifungwi. Inasemekana kulikuwa na mfalme mmoja wa Uingereza ambaye tumbo lilimzidi, kifungo kikakataa, na waungwana wake wote wakaacha vyao wazi ili asione haya. Kama ni kweli au ni porojo za mafundi, sijui, ila mpaka leo ukimfungia mwigizaji kifungo hicho kuna mtu atakupigia simu.

Gogo hakunifundisha historia kwa vitabu. Alikuwa na reli ndefu ya kutundikia nguo kutoka mlangoni hadi dirishani, na nguo zimepangwa kwa zamani zake. "Tembea," aliniambia, "na usitazame kitu kingine, tazama kiuno tu." Nikatembea. Karibu na mlango kiuno cha mwanamke kilikuwa kirefu, kimechongoka mbele. Hatua chache kikaruka juu chini ya matiti, na gauni likawa jepesi kama la kulalia. Kikashuka tena, na sketi ikaanza kuvimba, ikatiwa pete za chuma ndani, mpaka bibi mmoja akahitaji nafasi ya watu watatu. Halafu mbele pakalala, uvimbe wote ukahamia nyuma, kwenye mto mdogo kama wa kulalia uliofungwa juu ya makalio. Halafu mto nao ukaondoka. Baada ya vita vikuu vya kwanza kila kitu kikaporomoka wima, kiuno kikafika nyongani, pindo likapanda magotini. Kufika dirishani nilikutana na mwanamke aliyevaa suruali na koti lenye pedi za mabega pana kama zangu, na Gogo akasema huyo ametembea safari ndefu, nimpishe.

Kwenye nguo za wanaume niliaibika zaidi kwa sababu nilikuwa mbishi. Niliona viatu vyenye kisigino kirefu, soksi za hariri, kamba za lesi shingoni, mawigi, na koti la waridi lililotariziwa maua. Nikamwambia Gogo kwamba stoo imechanganya, hizo ni za akina mama. Akasema hapana, hizo ni za mabwana, tena wenye mali. Visigino wanaume walivivaa kwanza. Kisha ukafika wakati wanaume wa Ulaya wakaacha rangi zote wakavaa nyeusi, kana kwamba wote wamefiwa siku moja, na matanga hayajaisha mpaka leo. Nilicheka sana hapo. Gogo akaniomba nimletee picha yangu ya ujana.

Nilileta. Nimevaa bugaluu inayofagia barabara, viatu vyenye soli nene kama tofali, kola ya shati imefika mabegani, na nywele hazikuenea kwenye picha. Gogo aliitazama, akachukua pini, akaitundika kwenye reli katikati ya bugaluu za stoo. Ilikaa hapo miaka mingi na wateja walikuwa wakiuliza kama nguo hiyo inakodishwa.

Hapo hapo kwenye reli ndipo nilipojifunza vifungo. Koti la mwanaume, upande wa kushoto unalala juu. La mwanamke, upande wa kulia. Wengine wanasema ni kwa sababu mwanaume alichomoa upanga kwa mkono wa kulia, na mwanamke tajiri alivalishwa na mtumishi aliyesimama mbele yake. Mimi nasema ni ili kuwakomoa mafundi. Niliwahi kushona sare za maafisa kumi na wawili wa jeshi la zamani, zikafungwa kike zote kumi na mbili. Mwigizaji wa kwanza alipojaribu kufunga yake alihangaika kama anavua samaki mfukoni, na mimi nikamwambia atulie, labda ni mikono yake.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa koseti, ile fulana ngumu yenye vijiti ndani ambayo wanawake walibanwa nayo kiuno. Mwigizaji mmoja alilalamika kwamba niliyomshonea inamchoma mbavuni. Nilimjibu kitaalamu kwamba tatizo ni mbavu zake. Gogo alisikia. Alinitolea koseti kubwa kutoka stoo, akanivisha juu ya shati, akaweka mguu mmoja kwenye meza ili apate nguvu, akavuta kamba. "Kaa nayo mpaka saa kumi," alisema.

Chakula cha mchana kilikuwa pap, ugali wa huku, na nyama ya mchuzi. Nilimeza matonge matatu, la nne likakosa pa kwenda. Subana yangu ya kukinga kidole ilinidondoka, na kuiokota nilishuka wima kama lifti. Nikiwa huko chini Madam Lorraine aliingia na wageni kutoka Sandton, watu wa benki, waliotaka mavazi ya sherehe yao ya mwisho wa mwaka. Nilisimama kwa awamu nne, nikawasalimia. Bwana mmoja alinitazama kwa makini, akauliza kama ipo ya saizi yake. Tangu siku hiyo vijiti vya koseti zangu vinaishia upana wa kidole kabla ya ukingo, na kila ncha naifunika kwa kitambaa laini. Nanyi fanyeni hivyo, au tafuteni Gogo mwingine awafunge kamba.

Mambo ya kupandishwa cheo na mshahara nayaruka. Hayajawahi kumsaidia mtu kukata kola. Gogo alistaafu akarudi kwao, nikabaki na mkasi wake na ubishi wangu.

Consolata nilimleta mimi. Hilo nimelitangaza kila mahali, hata mahali ambapo ningenyamaza. Ni Mrundi, alikuwa akiishi Bellevue kama leo, kwenye nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba, na aliwapigia majirani pasi nguo zao za kanisani. Nilimpelekea mashati yangu. Alirudisha mkono wa shati bila mstari wa pili, kola imelala bila kuinua ncha, na mimi nikaenda kumsifu kwa Madam kana kwamba nimemtengeneza mwenyewe. Akapewa meza ya pasi.

Wakati wa chakula, sisi tukisinzia juu ya majora ya vitambaa, yeye alikuwa akifungua mabunda ya picha za kale za stoo, moja baada ya nyingine, na kioo cha kukuzia. "Mama, utakuja kuolewa na hao marehemu," nilimtania. Akajibu bila kuinua kichwa: "Papa Ilunga, hawa marehemu wanajua nguo." Madam alimwona. Akamwahidi kwamba baada ya kazi kubwa iliyokuwa mbele yetu ataondoka kwenye pasi aje meza ya kukatia, ajifunze ufundi wenyewe. Consolata alikuwa analea watoto wawili peke yake, na kabla ya pasi alikuwa ameuza mboga chini mitaani miaka mingi. Siku alipoahidiwa alinunua mkasi wake mwenyewe, akanionyesha mara tatu kwa siku moja.

Kazi kubwa hiyo ilikuwa filamu ya wachimba almasi wa zamani. Suruali arobaini za sufu nzito, tulizishona wiki tano. Sasa shikeni jambo hili ambalo mimi sikulijua. Katika miaka ile ya wachimbaji suruali ilikuwa mviringo kama bomba. Mstari wa pasi ulikuja baadaye, karne ya kumi na tisa ikielekea kwisha, na mwanzoni wapo walioudharau wakisema ni dalili ya suruali ya bei rahisi iliyokaa imekunjwa kwenye rafu ya duka. Consolata alizipiga pasi zote arobaini mviringo, ipasavyo.

Jumamosi asubuhi nilipita karakana kuangalia kazi. Consolata ni Msabato, alikuwa kanisani. Nilifungua mlango nikazikuta zimetundikwa, zimevimba, hazina pli hata moja. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nilimwona baba yangu amesimama nyuma yangu. Nikajiambia kwamba mama wa watu amechoka, nimsaidie. Nikavua koti, nikatafuta sabuni ya kipande, nikawasha pasi.

Suruali arobaini ni miguu themanini. Sabuni, kitambaa, maji, pasi, hesabu mpaka kumi. Saa kumi jioni nilikuwa nimemaliza, kidole kimeungua, mgongo umekufa, na mistari imenyooka mpaka ungeweza kukatia nyanya. Nilizitazama machozi yakanilengalenga. Nikaenda nyumbani nikampigia kaka yangu simu Lubumbashi kumsimulia.

Jumatatu alikuja mama mbunifu wa mavazi wa filamu kukagua. Aliinua suruali ya kwanza, akainua ya pili, akakaa chini. Aliuliza kama hawa ni wachimbaji au makarani. Madam Lorraine alisema, "Nani amezipiga pasi hizi?"

Chumba kizima kilimtazama Consolata, kwa sababu pasi ilikuwa yake. Mimi niliitazama futi yangu ya kupimia, kana kwamba wameiongezea namba.

"Consolata," Madam alisema, "Jumatano zinaondoka. Zikiondoka hivi, na wewe usirudi."

 Consolata alikwenda kwenye reli, akaingiza mkono ndani ya mguu wa suruali, akapitisha kidole kwenye mkunjo, akakinusa. Sabuni. Katika jengo lile mtu aliyetia sabuni kwenye suruali alikuwa mmoja, na alikuwa ameshajitapa kwa siri hiyo mbele ya kila mtu. Alinitazama. Nikakohoa. Nilikohoa siku mbili.

Aliomba siki. Alijaribu siki na mvuke, alijaribu siki na brashi, mstari ukalegea kidogo tu, maana baba yangu hakuwa mtu wa mchezo. Mwishowe akasema, "Zilowekwe, zivaliwe." Na ndivyo ilivyokuwa. Mafundi wote, Kabelo dereva, mama wa mapokezi, hata Mkenya mmoja kutoka Sandton aliyekuja kupima kostime yake ya harusi, kila mtu alivalishwa suruali mbichi, katikati ya baridi ya Juni. Tukatolewa uani. Consolata alisimama juu ya kreti na kuamuru.

"Chuchumaa! Simama! Chuchumaa! Tembeeni mpaka kwenye robot, pale kwenye taa za barabarani, mrudi. Papa Ilunga, wewe hujachuchumaa vizuri."

Watu wa spaza, kile kiduka cha ng'ambo ya barabara, walitoka nje. "Eish, mzee," mmoja aliniuliza, "mmefungwa au mnaokoka?"  Wengine walivaa suruali mbili mbili; mimi nilivalishwa tano, na zote alizichagua yeye, zile nzito. Jumanne jioni pli zilikuwa zimekufa, magoti yametokeza, makalio yamelegea, na suruali zinaonekana zimechimba almasi tangu ujana. Mama mbunifu alimkumbatia Madam. Madam hakumkumbatia Consolata.

Kazi yake ilipona, lakini meza ya kukatia aliikosa. Madam alisema asiyejua suruali hawezi kuikata, na Consolata akabaki kwenye pasi miaka mitatu zaidi. Nilimkuta koridoni nikamwambia, "Mama, nitaongea na Madam." Akasema, "Sawa, Papa." Nilikuwa nangoja siku nzuri. Madam akiwa na furaha, niliona si vizuri kumharibia. Akiwa na hasira, niliona si wakati wake. Huku nyuma kisa kilikuwa kinanenepa, na mnenepeshaji nilikuwa mimi. Kwenye sherehe za mwisho wa mwaka mlikuwa mkiniomba, nami nasimama naigiza Consolata anavyonusa kidole, mnacheka, naye anacheka kwa meno tu. Nilimwona. Niliendelea.

Kukata alijifundisha mwenyewe, kwa mabaki ya vitambaa, na leo hakuna kati yenu anayekata koti refu la zamani kumzidi. Hata mimi simfikii. Lakini jina la Mama Pli limekaa, na sasa linasimama mlangoni mwa kiti anachokistahili. Kwa hiyo nasema: suruali zile nilizipiga pasi mimi, Ilunga, Jumamosi, peke yangu. Consolata alikuwa anasali. Naona aibu, na aibu hii ni yangu, msimgawie.

Niliweka kalamu hapo nikaona nimemaliza, na kusema kweli nilijisikia mtu mwema sana. Leo Alhamisi, siku ya mapumziko ya Consolata, nimezikunja karatasi hizi nikampelekea Bellevue. Nilibeba na leso safi, nikidhani atalia.

Alisoma amesimama, karibu na dirisha. Kwenye koseti alicheka. Kwenye uani alicheka zaidi. Alipofika mwisho hakulia. Alirudi nyuma kurasa mbili, akasoma tena.

"Papa, mbona hii Jumamosi yako iko tupu?"

"Tupu vipi, Mama? Nimesema yote. Nimesema ni mimi."

"Umesema umefungua mlango ukazikuta. Umesema hukujua." Aliweka kidole kwenye neno lenyewe. "Ijumaa nilikuambia nini?"

"Ni zamani hiyo."

"Nilikuambia nini?"

 Nilitazama sakafu, na pale chini hapakuwa na futi ya kunisaidia.

"Na karatasi?" aliuliza.

"Karatasi gani?"

"Papa Ilunga."

Nilimuuliza basi kwa nini siku ile hakusema mbele ya watu, kama alikuwa na haki kiasi hicho.  "Wewe ulikuwa fundi wa suruali," alisema. "Mimi nilikuwa pasi. Nani angenisikiliza? Nilingoja useme mwenyewe. Nilidhani itakuchukua wiki."

Akanivutia kiti, akasukuma vyombo pembeni mezani, akanipa kalamu. "Andika."

Basi naandika, yeye amesimama begani kwangu. Ijumaa, kabla ya kwenda nyumbani, Consolata alinionyesha picha ya wachimbaji wa kweli, akaweka kidole kwenye miguu yao, akasema, "Hakuna pli, Papa. Ziko sawa, usiziguse." Nilimjibu kwamba mimi nimezaliwa chini ya meza ya suruali, na mwanamke wa kupiga pasi hatanifundisha mwanaume anavaa nini. Na Jumamosi, kwenye suruali ya kwanza, palikuwa na karatasi imebanwa kwa pini, kwa mwandiko wake: Papa Ilunga, tafadhali, usiziguse. Niliisoma. Niliichomoa, nikaitia mfukoni, nikawasha pasi. Nilikuwa nimeambiwa mara mbili. Ile habari ya kutojua ni uongo, na nimeuandika juzi, nimeshastaafu, hakuna aliyenilazimisha.

Amesoma. Amesema sasa ni sawa. Halafu ameuliza kama Madam anajua kusoma Kiswahili.

"Hajui hata neno moja," nimesema.

"Na yuko ofisini mpaka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Na Ijumaa ni kesho."

"Ni kesho, Mama. Naweza kwenda kumwambia asubuhi na mapema, nikishapumzika…"

"Vaa viatu, Papa."

Haya ya mwisho nayaandika nikiwa nimevaa kiatu kimoja. Cha pili amekishika yeye, yuko mlangoni ananingoja.